Kabla hujaanza kuchambua ubaguzi wa rangi kwenye mieleka ya kulipwa

Ukianza kuandika habari za mieleka ya Marekani, utaambiwa mapema sana: "Yale ni maigizo, ubaguzi unatoka wapi?" Usilikwepe swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo kazi yako yote. Kwenye riadha au ndondi, Mweusi akishapenya hadi uwanjani, miguu au ngumi zake zinaweza kumsemea. Kwenye mieleka ya kulipwa matokeo hupangwa kabla watu hawajakaa vitini. Kuna mpangaji wa mechi anayeamua nani ashinde, pambano lichukue dakika ngapi, nani apewe maikrofoni na nani abaki bubu. Kwa hiyo kila kushindwa ni uamuzi wa mtu. Tafuta ni nani aliyeamua, na alidhani anauza nini.

Wengi huanzia kwenye "Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia", na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 1962, mjini Newark, Bobo Brazil (jina lake halisi Houston Harris) alimshinda Buddy Rogers, bingwa wa NWA, muungano wa mapromota. Rogers alidai ameumia, Brazil akakataa mkanda wa ubingwa, na muungano haukuutambua ushindi ule. Mwaka uliofuata Bearcat Wright alimshinda Freddie Blassie na kuchukua ubingwa wa dunia wa kampuni ya WWA kule Los Angeles. Ron Simmons alimpiga Vader mjini Baltimore tarehe 2 Agosti 1992, akawa bingwa wa dunia wa kampuni ya WCW. The Rock, ambaye baba yake ni Mweusi wa Kanada na mama yake ana asili ya Samoa, alichukua mkanda wa WWF (kampuni ambayo leo inaitwa WWE) Novemba 1998. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliupata ubingwa wa WWE tarehe 7 Aprili 2019. Wote hawa wamewahi kuitwa wa kwanza wa namna fulani, na kila mmoja ana watetezi wenye hoja. Usiandike "wa kwanza" bila kutaja mkanda gani, wa kampuni gani, na nani aliyeutambua. Jambo la maana kuliko mshindi wa hoja hiyo ni kwamba mkanda wa WWE ulianza 1963, na kampuni yenyewe huzitangaza hizi "mara za kwanza" kama sherehe. Sherehe ya 2019 ni ushahidi pia wa miaka iliyotangulia.

Kosa la pili ni kuhesabu mikanda bila kuhesabu siku na namna ya kuipoteza. Tengeneza jedwali: tarehe, ukumbi, mkanda, siku alizoushika, ameshinda kwa njia gani (mabega chini kwa hesabu ya tatu, kukata tamaa, mpinzani kuadhibiwa, mtu wa nje kuingilia), ni pambano la ngapi usiku ule, dakika za pambano, na dakika za kuongea. Ukijaza mistari ya kutosha utaanza kuona yasiyoonekana kwenye orodha ya mabingwa. Simmons alikaa na mkanda siku 150. Kofi alikaa siku 180, kisha tarehe 4 Oktoba 2019 akapigwa na Brock Lesnar kwa sekunde chache tu, na hakupewa nafasi ya kuudai mkanda wake kwa uzito uleule waliozoea kupewa mabingwa wengine. Mkanda wa daraja la kati usiuweke safu moja na ubingwa wa dunia; makampuni hufanya hivyo yakitaka idadi ionekane kubwa.

Kwa miaka ya nyuma zaidi, jedwali lako liongezewe safu ya mpinzani. Katika miji mingi ya Kusini, Weusi walipangwa kupigana wao kwa wao. Atlanta ilisubiri hadi tarehe 9 Oktoba 1970 ndipo Bobo Brazil na El Mongol wakacheza na Mr. Ito na Great Ota, pambano la kwanza la mchanganyiko wa rangi katika mji ule, miaka sita baada ya sheria ya haki za raia ya 1964. Lakini usidhani Kaskazini kulikuwa shwari: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bearcat Wright alitangaza ulingoni, jimboni Indiana, kwamba hatacheza tena mechi za ubaguzi, na tume ya michezo ya jimbo ikamfungia.

Utasikia pia kwamba mapromota walifuata soko tu. Pima dai hilo kwa tiketi. Agosti 1980, pambano la Junkyard Dog, mwanamieleka Mweusi, na Michael Hayes, Mzungu, lilileta makumi ya maelfu ya watu kwenye ukumbi wa Superdome, New Orleans. Soko lilikuwepo. Bado Junkyard Dog hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa NWA.

Sasa tuje kwa uhusika, yaani mtu wa kubuni ambaye mwanamieleka hupewa aigize, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana jicho ambalo wachambuzi wengi wa Marekani hawana. James Harris alikuwa mtu wa Mississippi. Mwaka 1982, mjini Memphis, alivalishwa ngozi, akachorwa nyota na mwezi mwilini, akapewa mkuki na kinyago, akaitwa Kamala, "Jitu la Uganda", eti aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin, aliyekuwa ameangushwa miaka mitatu tu kabla. Hakuruhusiwa kuongea, aliongozwa kama mnyama asiyefugika na mtu aliyevaa kofia ya safari. Hakuna chochote cha Uganda mle. Na bubu hawezi kujitetea kwenye hadithi, kwa hiyo hawezi kukua hadi kuwa bingwa: uhusika wenyewe umeshaweka dari. Ndiyo maana tunasisitiza ile safu ya dakika za kuongea. Fuatilia uzi huo hadi karibuni: Kofi alipoingia runingani 2008 aliuzwa kama Mjamaika, na 2021 Apollo Crews, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, alipewa lafudhi ya kutia chumvi na mkuki. Mtenganishe mchezaji na uhusika. Harris alifanya kazi aliyopewa, kwa ustadi mkubwa. Lawama ni ya walioandika.

Ukitaka pambano moja la kujifunzia, chukua Booker T, Mweusi, na Triple H, Mzungu, kwenye WrestleMania XIX, onyesho kuu la mwaka la WWE, Seattle, 30 Machi 2003. Wiki kadhaa kabla, Triple H, mwovu wa hadithi, alimwambia Booker kwamba watu kama yeye hawawi mabingwa. Kanuni ya maigizo inajulikana: mwovu akitamka neno kama hilo, lazima alilipie. Triple H alishinda, tena baada ya pigo lake la mwisho alikaa kwa muda kabla ya kumfunika Booker, na bado ikatosha. Matusi yale yakathibitishwa na mwandishi wa hadithi. Tazama hotuba zile kwanza, kisha pambano lote, kwa mpangilio wa tarehe; ukiona vipande peke yake hutaelewa kwa nini watu bado wana uchungu.

Mwisho, mahakama. Wanamieleka wa WWE mikataba yao huwahesabu kama waliojiajiri, na hawana chama cha wafanyakazi. Sehemu ya ajira ya ile sheria ya haki za raia ya 1964 hulinda waajiriwa, hivyo aliyejiajiri hutegemea zaidi sheria ya 1866 inayokataza ubaguzi wa rangi katika mikataba. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Machi 2020 katika kesi ya kampuni ya runinga ya Comcast, mdai lazima aonyeshe kwamba bila rangi yake asingenyimwa alichonyimwa. Kampuni ya mieleka ina jibu tayari: "ulikuwa uamuzi wa kisanii." Kwa hiyo unapoandika kuhusu kesi, andika "anadai" pale panapostahili, soma hati ya madai yenyewe badala ya vichwa vya habari, na kesi iliyokwisha kwa maridhiano usiiandike kama hukumu ya upande wowote.