Ninyi mnaoanza kuigiza, msiikimbie nafasi ya mlinzi

Wadogo zangu mnaokuja mazoezini huku Katuba na Kamalondo, kila tukigawa nafasi nawaona mnavyosukumana kutaka uchifu. Kumlinda huyo chifu hakuna anayetaka. Basi mimi nimezeekea mlangoni kwa chifu. Nimekuwa mlinzi, shemeji aliyekuja kuomba unga, karani wa komini (ofisi ya serikali ya mtaa), hakimu wa sentensi mbili, mzee wa kikao asiyesema kitu ila kukohoa. Hapa Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, wapo wanaonisalimu sokoni kwa jina la mhusika niliyemcheza zamani. Lile nililopewa na wazazi hawalijui, na wala hawana haja nalo.

Sikilizeni kwanza hili, mengine yanatoka humo humo. Mtazamaji hajui kama aliyekaa kwenye kiti ni chifu mpaka amwone mlinzi anavyoshusha macho. Mwenye kofia na fimbo akiingia, na mlinzi amesimama anajikuna huku akitafuta ndugu zake kati ya watu waliokuja kutazama, uchifu umekwisha, hata mwenye kofia angepayuka vipi. Mlinzi akiogopa kweli, chifu anaweza kunong'ona tu na ua zima likanyamaza. Utawala wake umo mikononi mwenu ninyi mnaoona mmepewa makombo.

Mji huu wenyewe umewahi kulionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo, la Papa Kyembe Kaswili ambaye mji mzima ulimwita kwa jina hilo la jukwaani, lilitengeneza mchezo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Mtaalamu mmoja wa mila za watu, Johannes Fabian, alikuwa hapa akirekodi mazoezi yao, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Kilichonivutia ni namna walivyofanya kazi. Hapakuwa na maneno yaliyoandikwa ya kukariri. Walikubaliana mpango wa maonyesho, nani anaingia lini na kwa shida gani, kisha kila mtu akayatafuta maneno yake kwa Kiswahili cha hapa hapa kadiri mazoezi yalivyokwenda. Kwa kazi ya namna hiyo, hata anayecheza mwanakijiji wa nyuma lazima aujue mchezo wote, kichwa hadi mkia. Mwenzako akipotea, hakuna karatasi ya kumwokoa. Wewe ndiye utakayemrudisha njiani kwa swali, tena swali la mhusika wako, watu wasijue kwamba umeziba tundu. Siku hizi mnapewa maneno yenu tu kwenye simu, mistari mitano, mnasoma hiyo mitano na kulala. Ombeni mchezo mzima. Mwongozaji akikunja uso, mwacheni akunje, lakini ombeni.

Sasa mnaniuliza kila mara ni mwigizaji gani ninayemfuata, mkitegemea nitaje nyota wa Marekani. Mimi namfuata Sotigui Kouyaté. Alizaliwa Bamako mwaka 1936, katika ukoo wa wale wanaorithishana kazi ya kutunza na kusimulia historia za watu, akakulia Burkina Faso ilipokuwa bado inaitwa Haute-Volta. Kabla ya jukwaa alikuwa mchezaji wa mpira, mpaka timu ya taifa. Alianza kuigiza mwaka 1966, rafiki yake alipomwita kwenye mchezo wa historia. Pigeni hesabu: alikuwa anagonga miaka 30. Na hapa nina kijana wa miaka 19 anayelia kwamba amechelewa!

Katika miaka ya 1980 akachukuliwa na Peter Brook, mwongozaji wa Kiingereza aliyekuwa na kundi lake Paris, lenye waigizaji wa kila kabila la dunia. Wakatengeneza Mahabharata, mchezo wa saa tisa kutoka hadithi kuu ya Wahindi, ukachezwa mara ya kwanza mwaka 1985 karibu na Avignon, ndani ya machimbo ya mawe. (Sisi watu wa migodi tungejisikia nyumbani.) Sotigui akawa Bhishma. Huyo ni mzee aliyeapa kutooa na kutotawala, anayebaki kando ya kiti cha enzi akitazama vijana wa ukoo wakiharibu kila kitu, na mwisho analazwa juu ya kitanda cha mishale akisubiri saa anayoitaka mwenyewe ya kufa. Mwaka 1990 Brook huyo huyo akampa Prospero, yule mtawala mchawi wa mchezo wa Shakespeare uitwao The Tempest. Kwenye filamu watu walimwita zaidi kuwa baba, babu, mzee wa busara, mpita njia. Aliridhika na nafasi hizo, na kila mzee alimpa mwendo wake.

Tuzo kubwa ilimfikia mwaka 2009 mjini Berlin, Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kiume, kwa filamu ya London River. Anacheza Mwafrika anayeishi Ufaransa, amekwenda London kumtafuta mwanawe baada ya mabomu ya Julai 2005, na huko anakutana na mama wa Kiingereza anayemtafuta binti yake na asiyemwamini hata kidogo. Mwaka uliofuata, Aprili 2010, Sotigui akafariki Paris. Watu hupenda kusema alichelewa kutambuliwa. Mimi sioni hivyo. Tuzo ndiyo iliyochelewa; kazi haikuchelewa hata siku moja, ilikwenda mfululizo zaidi ya miaka 40.

Filamu hiyo mkiipata, msimtazame anaposema. Mtazameni mama wa Kiingereza, Brenda Blethyn, akisema, halafu mwangalieni Sotigui anavyopokea. Uso hafanyi kuuchezesha. Anamwacha mwenzake amalize, kisha anachukua muda. Kijana wa kwetu akiwa hana neno, huanza kunyanyua nyusi na kushika kidevu ili watu wajue na yeye yupo. Tunamwona, ndiyo, na tunatamani atoke.

Kusikiliza namna hiyo hakutoshi kama humjui mtu unayemcheza anavyotumia mwili wake. Mfano wa karibu: tulimpa mdogo wetu mmoja nafasi ya kambiste, wale wabadilisha fedha wanaokaa barabarani na matofali ya franka juu ya meza ndogo. Akaja na miwani ya jua na mbwembwe, akaketi, akaanza kuhesabu noti huku akizitazama. Mazoezi yote wenzake wakamwambia kuna kitu hakikai sawa, lakini hakuna aliyeweza kusema ni nini. Nikampeleka katikati ya mji tukasimama ng'ambo ya barabara. Kambiste wa kweli hatazami noti. Kidole gumba kinakwenda chenyewe, macho yanakutazama wewe, na yakikuacha yanakwenda kwa aliye nyuma yako. Noti ikiwa imechanika, kidole kinasita kidogo tu, inatolewa pembeni bila neno, hesabu inaendelea. Mpira wa kufungia fedha huwa umevaliwa mkononi. Yule kijana akafanya mazoezi nyumbani kwa vipande vya gazeti vilivyokatwa sawa na noti. Siku ya kuonyesha hakuwa na zaidi ya maneno matatu, na watu wakaangua kicheko mara tu alipokisitisha kile kidole.

Kwa hiyo tembeeni mji. Mwendo wa mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, si mwendo wa mchungaji, na mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya hainami kama mama wa nguo za mitumba. Na masikio nayo yafanye kazi: Kiswahili cha Bukavu na cha hapa havitoki mdomoni namna moja, na watazamaji wa mji huu watakukamata kabla hujamaliza salamu.

Kwenye kamera kuna ujuzi mwingine ambao jukwaa halikufundishi. Tukio moja linarudiwa mara nyingi, tena kutoka pande mbalimbali, halafu vipande vinaunganishwa. Ukinywa chai kwa mkono wa kulia ukitamka neno fulani, utanywa kwa mkono huo huo kwenye neno hilo hilo mpaka jioni. Shati lililokunjwa mikono, libaki hivyo. Mwigizaji wa nafasi ndogo anayekumbuka mkono wake anawaokolea muda wote waliopo, na ndiye wanayemwita tena. Nyota akisahau, watarudia. Ukisahau wewe, watakukata.

Fedha nitasema kwa kifupi kwa sababu inanikera. Patana kabla ya siku ya kwanza, na nauli itajwe peke yake, isimezwe ndani ya malipo. Ukiletewa mkataba kwa Kifaransa na hukielewi vizuri, usitie sahihi palepale. Nenda nao kwa mtu anayesoma, hasa kile kipengele cha picha zako zitatumika wapi na kwa muda gani. Na kazi yako ya mchana usiiache. Karibu wote ninaowajua waliodumu mjini hapa walikuwa na kazi nyingine: walimu, mafundi, makarani. Haikuwapunguzia kitu jukwaani. Fundi wa kweli akicheza fundi huna la kumwelekeza.

Mengine ni madogo. Mazoezi ni uani, au ukumbi wa parokia ukipatikana. Lile jengo la teatri lililojengwa mjini miaka ya 1950 leo linakaliwa na Bunge la jimbo, kwa hiyo maigizo ya huko yana waigizaji wake. Umeme ukikatika tunaendelea gizani, na niwaambie, hapo ndipo huwa nasikia nani anasikiliza na nani anasubiri zamu yake. Ukicheza mzee usijipake unga kichwani, zeesha magoti. Na viatu kila mtu aje na vyake. Vya polisi tulivyonavyo ni namba 45, na mwenye mguu huo amehamia Kolwezi.