Kabla ya kuwasha picha ya zamani, simulianeni kwanza

Kuna mwenzetu mmoja hapa Lamu, fundi wa kuchonga milango, tuliyemwita mwongo kwa zaidi ya miaka 20. Kosa lake ni kusema kwamba Gabbar Singh, jambazi wa picha ya Kihindi ya Sholay, anakufa.

Sisi wengine tuliiona Sholay kwa kanda, kwenye nyumba moja ya Langoni, watoto mkekani na wakubwa nyuma, na tulijua fika inavyokwisha. Thakur, afisa wa zamani wa polisi asiye na mikono, anamponda Gabbar kwa miguu, na pale anapotaka kummaliza polisi hao, wanamkamata. Basi. Fundi aliiona Mombasa kwa wajomba zake, akashikilia kwamba polisi hawakuja kabisa. Kila tukimkuta barazani tunamchokoza: "Haya, Gabbar kazikwa wapi?"

Mwaka jana tukaanza kuzirudia picha zile, kila Alhamisi baada ya Isha, darini kwa mmoja wetu. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, birika la kahawa tungu. Kumbe miisho yote miwili ipo! Ramesh Sippy, mwelekezi wa picha, kwanza alipiga mwisho wa Thakur kumuua Gabbar. Lakini picha ilitoka Agosti 1975, India ikiwa katika hali ya hatari aliyoitangaza Indira Gandhi, na wakaguzi wa filamu hawakukubali afisa wa zamani wa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi apige mwisho mwingine. Ule wa kwanza ulikuja kutoka kwa kanda mwaka 1990. Fundi hakusema kitu. Alimimina kahawa, akanywa, akamimina tena.

Kwa hivyo ukitaka kuzirudia picha za zamani na wenzako, usiwashe kabla kila mmoja hajaisimulia anavyoikumbuka: nani alikufa, nani alioa, wimbo upi ulikuja wapi. Bishaneni mpaka sauti zipande. Simu zikae mifukoni, maana mtu akishatafuta jibu kwenye simu mabishano yamekufa na kahawa inapoa bure.

Wazee nao msiwaache nje. Usiku mmoja mama mwenye nyumba alituita kutoka ukumbini: "Picha siyui, wimbo nauyua," akauimba wa Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho, na sisi tuliojidai wajuzi tulikuwa hatukumbuki hata kibwagizo.

Picha za Kihindi zikateni katikati, mpumzike kama walivyopumzika watu wa sinema. Saa tatu na zaidi juu ya mkeka si mchezo kwa magoti ya umri wetu. Za karate hazina taabu, washeni tu.

Na mwenye kisa cha picha ilivyotengenezwa akitoe kabla, si katikati. Kwenye Coolie ya 1983, mwigizaji Amitabh Bachchan ni Iqbal, mchukuzi wa stesheni mwenye beji ya 786, namba ya Bismillahi, na kwetu namba ile peke yake ilitosha kumpenda. Lakini hakuna aliyeniambia utotoni kwamba ngumi moja ya picha ile ilimuumiza kweli mwaka 1982, nusura afe, na ndiyo sababu picha inasimama ghafla pale na maandishi yanatokea. Mimi nilidhani deki imekwama. Nilikuwa nikiipiga kofi.

Vijana wakicheka damu ya rangi waacheni wacheke. Sisi tulilia kwa damu hiyo hiyo.

Alhamisi ijayo zamu ya kuchagua ni yangu, nimechagua Nagina ya 1986. Mimi nakumbuka Sridevi akigeuka nyoka mbele ya macho yetu. Fundi anasema hageuki, ni macho yake tu yanayobadilika rangi. Safari hii hakuna aliyemcheka. Tumewekeana kahawa ya mwezi mzima.