Kabla hujanunua kamera ya onlaini tivii, tuongee kidogo

Wiki iliyopita kijana mmoja yuko mwaka wa tatu, anasomea uandishi wa habari, kanitumia meseji saa tano usiku. "Shikamoo kaka, nina laki nane, ninunue kamera gani nianzishe onlaini tivii?" Nikamjibu marahaba, kesho tuongee. Kesho yake tumeongea karibu lisaa lizima na kamera yenyewe hatukuifikia, na mwisho nikaona bora niandike tu maana kila mwezi napata meseji kama hiyo, ikiwa sio kamera basi ni "kaka nihamie PR (kazi ya uhusiano wa umma) au nibaki kwenye habari?"

Mi nimefanya kazi gazetini miaka tisa, mitano ya mwanzo nikiwa korespondenti mkoani, minne nikiwa dawati la mtandao hapa Dar, halafu nikavuka nikawa ofisa uhusiano, ndiko niliko mpaka leo. Kwahiyo naandika kama mtu aliyekaa pande zote mbili za meza na pande zote mbili nimeharibu.

Enzi za ukorespondenti tulikuwa tunalipwa kwa stori iliyotoka. Unatuma tano inatoka moja, umelipwa moja, nauli na bando juu yako. Stori unaichapa intaneti kafe pale jirani na stendi, umeme ukikatika kabla hujasevu basi unaanza upya huku mwenye kafe anakudai muda wake. Ilikuwa shida kwelikweli na sitaki mtu aniambie zamani kulikuwa kuzuri. Ila kulikuwa na kitu kimoja sikujua thamani yake mpaka kilipoondoka. Jioni ikifika mhariri kafunga kurasa, ukipata habari saa mbili usiku huna pa kuipeleka, inasubiri. Unalala nayo. Asubuhi unampigia RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, unampigia mganga mkuu, unaenda mwenyewe eneo la tukio, na mara nyingi unakuta kumbe ilivyosemwa sivyo ilivyokuwa.

Issa Michuzi alipoanza blogu yake 2005, na JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, ilipokuja mwaka uliofuata, wazee wetu chumba cha habari walicheka, "vitoto vya blogu hivyo". Miaka michache mbele wazee haohao kitu cha kwanza wakifika ofisini ni kufungua JamiiForums waone leo kumelipuka nini, ndipo waingie kwenye kikao cha asubuhi. Tulidhani kilichobadilika ni kwamba habari imehama kutoka karatasi kwenda simu. Kumbe tulichonyang'anywa ni ule usiku wa kulala na stori.

Nikupe mfano wangu ambao mpaka leo nikiukumbuka tumbo linavuta. Nilikuwa zamu dawati la mtandao, mwezi wa tisa, saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye grupu moja la WhatsApp ikaingia picha ya basi limepinduka, jina la kampuni linasomeka vizuri kabisa ubavuni, na chini kimeandikwa ajali mbaya asubuhi hii nje kidogo ya Dodoma. Akaunti mbili za wenzetu zikaposti. Bosi akaandika kwenye grupu la kazi, "sisi mbona hatuna?" Ukishasoma neno hilo "mbona hatuna" akili inahama. Nikaposti. Dakika kumi hivi simu ya ofisi ikaanza kuita, wa kwanza kupiga alikuwa mama mmoja, hakunisalimia hata, aliniuliza tu, "Mwanangu, hilo la saa kumi na moja au la saa kumi na mbili?" Mtoto wake alikuwa amepanda moja kati ya hayo.

Basi lenyewe liliingia Morogoro salama. Picha ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, mkoa mwingine kabisa. Na aibu yenyewe ni kwamba ukiitazama ile picha kwa utulivu, pembeni ya barabara nyasi ni za kijani kibichi, zimefika magotini. Dodoma, mwezi wa tisa! Mtu yeyote aliyewahi kupita kule kiangazi anajua mwezi huo ni vumbi na mibuyu tu. Sikuhitaji programu yoyote kugundua, nilihitaji kutazama sekunde tano na kumpigia RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa. Niliifuta posti, tukaomba radhi, ila yule mama sikuwahi kujua aliambiwa na nani kwamba mtoto wake mzima.

Ndo maana kijana akiniuliza kamera namwambia kwanza tafuta daftari, la karatasi, uandike namba za RPC, RTO, mganga mkuu wa wilaya, mwenyekiti wa mtaa, dereva bodaboda wa kijiweni unakoishi. La karatasi kwa sababu simu yako itaibiwa kwenye daladala. Picha kila mtu anayo, hata muuza mahindi pale kituoni ana simu inayorekodi vizuri kuliko kamera tuliyokuwa tunagombania ofisini. Namba ya mtu atakayepokea saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu anakujua, hiyo hawana.

Angalia hata mkeka wa uteuzi, ile orodha ya walioteuliwa na waliotenguliwa serikalini. Zamani ulikuwa unasubiri taarifa ya habari kujua nani kateuliwa. Siku hizi mkeka unatoka Ikulu wenyewe, saa nne usiku, una nembo na sahihi, na dakika hiyohiyo nchi nzima inao. Kuurudia ule mkeka neno kwa neno kwenye ukurasa wako sio uandishi, watu wameshausoma. Anayenufaika ni yule anayemjua aliyetenguliwa na anajua kwanini, au anayeweza kukaa akaeleza hiyo taasisi inafanya nini na ina matatizo gani. Nenda pia kwenye presi yoyote Dar uone meza, maiki thelathini zenye nembo zimejazana mpaka mzungumzaji haonekani, kesho zote zimetoa klipu ileile yenye kichwa cha MAPYA YAIBUKA na ukifungua hakuna kipya. Wote wanagombania mtazamaji mmoja.

Na hela yenyewe ya YouTube vijana wanaiwaza tofauti. Ili uanze kulipwa matangazo kwa video za kawaida unatakiwa ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na ukishafika huko mtazamaji wa Mbagala hakuletei hela sawa na mtazamaji wa Marekani, matangazo ya huku bei yake ndogo. Wapo waliofanikiwa, Millard Ayo kila mtu anamtaja, ila wanasahau alikuwa tayari jina redioni. Halafu kuna leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018, ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na kila mwaka 1,000,000 nyingine, mpaka JamiiForums wenyewe Juni mwaka huo walizima kwa muda. Ada baadaye zikashushwa, lakini leseni ipo palepale, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize kabla hujachapisha nembo kwenye maiki. Oktoba 2024 Mwananchi Communications, kampuni kubwa ya magazeti yenye wanasheria wake, ilisimamishiwa leseni zake za mtandaoni siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Wewe uko chumbani kwako na tripodi, nani atakutetea? Soma na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, soma mwenyewe, usisubiri kusimuliwa kituo cha polisi.

Haya, sasa upande wa pili, huku uhusiano. Wengi mnadhani huku ni kupumzika, suti, maji ya chupa na kuwaita waandishi. Ilikuwa hivyo zamani kidogo. Unaandika taarifa kwa vyombo vya habari, inafaksiwa, inatoka, unakata kipande cha gazeti unakibandika kwenye faili bosi akione. Siku hizi mwandishi sio mlango tena. Taasisi ina kurasa zake, na mwananchi ana komenti zake, anakutukana moja kwa moja bila kupitia kwa mhariri.

Mwaka wangu wa kwanza ofisini, ofisi siitaji, ikasambaa "taarifa kwa umma" ya nafasi za kazi. Nembo yetu, sahihi ya bosi wetu, muhuri, kila kitu, na chini namba ya simu ya kutuma elfu ishirini ya fomu. Niliiona saa moja asubuhi. Nikasema leo ndo leo, nikaandika kanusho fasta, safi kabisa. Likaenda kwa mwanasheria, akabadilisha neno "matapeli" akaweka "watu wasio na nia njema". Likaenda kwa mkurugenzi, yuko kikaoni. Likarudi kwa mwanasheria. Likapigwa muhuri saa nane mchana. Saa nane! Wakati huo getini kuna foleni ya vijana na bahasha zao za kaki za vyeti, wengine wametoka mkoani usiku kucha, mlinzi anawaambia hakuna kitu na wao wanamwonyesha simu.

Na hapo sikumaliza kuharibu. Nilichukua ile taarifa feki, nikaigonga maandishi mekundu mlalo FEKI kama mnavyoona taasisi zote zinafanya, nikaiposti. Ikasambaa kuliko kanusho lenyewe. Shida ni kwamba picha ikishapita grupu kumi za WhatsApp, tena kwa mtu mwenye bando la kuungaunga ambaye hajaidownload vizuri, anachoona ni nembo yetu na namba ya simu. Dada mmoja alikuja getini kesho yake, katuma hela baada ya kuona posti YETU. Yaani namba ya tapeli tulimsambazia sisi.

Kwahiyo haya ni ya bure kwa ofisa uhusiano yeyote anayeanza. Taarifa feki ukiionyesha, ziba namba ya simu kwanza, na neno FEKI likae juu ya nembo, sio pembeni. Pili, kaa na bosi na mwanasheria siku ya amani, sio siku ya moto, mkubaliane sentensi mbili tatu ambazo unaruhusiwa kuzitoa bila kuomba kibali, mfano "fomu zetu za kazi haziuzwi". Sisi baada ya ile aibu tukakubaliana hivyo, na ilipotokea mara ya pili nilisimama getini na simu yangu nikajirekodi sekunde ishirini, Kiswahili cha kawaida, nikaituma na kwa sauti tupu kwenye magrupu, ikamaliza kazi kabla ya chai ya saa nne. Na kwa picha za watu, wagonjwa, watoto wa shule, wazee mnaowapa misaada mkiwa na bango, omba ridhaa ya maana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini hata bila sheria, hebu fikiria ni mama yako kashikishwa sabuni na unga mbele ya kamera.

Ukitoka kwenye habari kuja huku kuna kitu kitakuuma, rafiki zako watakupigia. Watakuuliza kitu ambacho unakijua na huruhusiwi kusema. Usiwadanganye. Waambie "hilo siwezi kuliongelea, nipe mpaka saa kumi", na saa kumi upige kweli hata kama huna jipya. Mwandishi uliyemdanganya mara moja hatakuamini siku unayomhitaji, na huku siku ya kumhitaji haikosi.

Bahasha, ile hela anayopewa mwandishi na aliyemwita, nayo imehama na teknolojia, zamani ilikuwa "nauli" ndani ya bahasha ya kaki mlangoni, sasa hivi inaingia kwa simu hata kikao hakijaisha. Na bajeti kubwa wala haiendi kwa waandishi tena, inaenda kwa mainfluensa, wengine ukweli ni chawa tu, wasifiaji wa kulipwa, wanaposti ulichowaandikia mpaka na makosa ya herufi. Nimewahi kumtumia mmoja kapsheni, akaiposti pamoja na maneno yangu ya juu "mambo, tumia hii hapa". Watu wakacheka siku tatu. Siku hizi bosi ananiambia tutumie akili mnemba iandike taarifa, sawa inasaidia kupanga, ila ukiitazama ile "tunapenda kuujulisha umma kwa furaha kubwa" mara nne kwenye ukurasa mmoja unajua hapa hakuna mtu.

Kuhusu malipo niseme haraka. Siku hizi tangazo la kazi linataka mtu mmoja aandike, apige picha, ahariri video, apige grafiki na ajibu komenti usiku, kwa mshahara uleule. Ukikubali, kubali kwa maandishi, iandikwe nani anajibu komenti baada ya saa kumi na moja na bando ni la nani. Nimejibu wateja hospitalini nikiwa namuuguza mwanangu, na hakuna aliyenilazimisha, ni kwa sababu hakuna aliyeandika mahali kwamba sio kazi yangu saa hizo.

Na usifungue ukurasa wa ofisi kwa namba yako binafsi, jamani. Mi nilifanya hivyo kazi moja ya nyuma, ilikuwa haraka, "tutabadilisha baadaye". Nimeondoka pale mwaka wa tatu huu, nimewaandikia mara mbili wabadilishe, na hata jana saa sita usiku simu imelia mezani, namba sita za siri za kuingilia akaunti yao.