Mwalimu wa Mbio Anajibu: Mbona kila mkimbiaji ana raba anayoiapia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi wa umma, naishi Kisasa hapa Dodoma. Nimejiunga na kikundi cha jogging kinachoanzia Nyerere Square alfajiri ya Jumamosi. Kila mtu kikundini ana kampuni yake. Kaka mmoja haambiwi kitu juu ya ASICS, dada mmoja ni Hoka tu, vijana wa chuo wanazitamani Nike zenye bamba la kaboni, na kuna mzee mstaafu anayekimbia na New Balance kuukuu na anatuacha wote. Ubishi wao ni kama wa Simba na Yanga. Je, kuna ukweli wowote hapo au ni majina tu? Nimetenga shilingi 150,000. Navaa namba 42, na raba nyingi hunibana vidoleni.
Msomaji, Kisasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Jambo zito kuliko yote umeliweka mkiani mwa barua: raba nyingi hukubana vidoleni. Naanzia hapo, kwa sababu ndipo ubishi wa kikundi chenu unapotoka, hata kama wenyewe hawajui.

Raba hutengenezwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiwanda hulivisha kitambaa na soli. Kila kampuni ina kalibu zake, na haizibadilishi ovyo. Mtu akibahatika kupata kampuni ambayo kalibu yake inafanana na mguu wake, amepata fundi cherehani mwenye vipimo vyake: hata asipokuwepo, nguo itamkaa. Ndiyo maana yule kaka wa ASICS haambiwi kitu. Hakukaa akasoma matangazo. Alivaa, akakimbia, kucha hazikuwa nyeusi, akanunua tena.

Namba ya kiatu hukueleza urefu tu, na mguu una upana pia. Mtu mwenye mguu mpana akibanwa na 42 hukimbilia 43. Anapata nafasi ya vidole, lakini kisigino kinaanza kucheza ndani, na malengelenge yanafuata. Nimewaona wengi hivyo pale Uwanja wa Jamhuri, wanafunga kamba mpaka mishipa ya juu ya mguu inauma, kumbe tatizo ni kalibu.

Na sisi wa mikoa hii ya kati tuna jambo letu. Wengi tumekua tukichunga na kwenda shule peku. Mguu uliokulia peku hutanuka mbele na vidole hukaa vikiwa vimeachana. Watafiti waliopima miguu ya watu waliozoea kutembea bila viatu wamelikuta hilo. Raba iliyochongwa kwa mguu uliokulia ndani ya kiatu itakubana, na mguu wako hauna kasoro yoyote. Naomba uliamini hilo kabisa, maana nimesikia watu wazima wakiona haya kuvua viatu mbele ya muuzaji.

Sasa mtazame mzee wenu. New Balance, kampuni ya Boston huko Marekani, inajulikana kwa kuuza raba moja kwa upana tofauti. Kwa wanaume, D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, 4E ni mpana zaidi. Kwa wanawake, B ni wa kawaida na D ni mpana. ASICS na Brooks nao hutoa baadhi ya raba zao katika 2E. Altra huchonga sehemu ya vidole iwe pana tangu mwanzo. Ukienda kununua, funua ulimi wa raba usome lebo ya ndani. Ukiona 2E, shika hiyo raba usiiachie kabla hujaijaribu.

Jambo la pili linalowafanya wakimbiaji wang'ang'anie kampuni ni kimo cha kisigino. Raba nyingi za mbio zina kisigino kilichoinuka kuliko mbele. Kwenye raba za kawaida za Brooks na za ASICS mara nyingi kisigino huizidi mbele kwa milimita 8 hadi 12. Hoka nyingi ni kama milimita 5, ingawa kwa macho zinaonekana ndefu kama ngazi, kwa sababu sponji yao ni nene mbele na nyuma. Raba za Altra zilizowapa umaarufu ni sifuri, kisigino na vidole viko sawa. Kisigino kikiwa juu, goti hubeba kazi zaidi. Kikishuka, kazi inahamia kwenye shavu la mguu na kano ya nyuma ya kisigino. Mwili huzoea kimoja. Mtu aliyezoea milimita 10 akihamia sifuri ghafla na kwenda kilomita zilezile, ndani ya wiki chache atalalamika kano, halafu atarudi kwenye raba yake ya zamani akiapa kwamba kampuni ile nyingine haifai. Kampuni haina kosa hapo. Alitakiwa kuihama taratibu, kilomita mbili tatu kwanza, huku ile ya zamani ikiendelea kubeba mbio ndefu.

Tatu ni sponji yenyewe. Raba nyingi kwa miaka mingi zimetumia povu la EVA, jepesi na la bei nafuu. ASICS wakaongeza jeli yao tangu 1986, na raba yao ya Gel-Kayano imekuwa ikitolewa toleo baada ya toleo tangu 1993. Adidas walileta Boost mwaka 2013, iliyoundwa kwa punje za plastiki zilizovimbishwa na kuunganishwa, na mtu aliyeizoea huona EVA kama ubao. Huo ni mguso, na mguso ni jambo la kweli. Profesa Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na wenzake waliandika mwaka 2015 kwamba mkimbiaji anayechagua kiatu ambacho mwili wake unakiona kizuri huenda ndiye anayejikinga vizuri zaidi. Kwa upande mwingine, makuruta wa majeshi ya Marekani walipogawiwa viatu kulingana na umbo la unyayo, majeraha hayakupungua ikilinganishwa na wenzao waliopewa aina moja tu. Kwa hiyo muuzaji akikutazama unyayo kwa sekunde tano na kukuambia "wewe ni wa raba hii tu", msikilize kwa adabu, kisha vaa ukimbie hatua thelathini nje ya duka.

Vijana wa chuo na kaboni yao. Nike walitoa Vaporfly mwaka 2017, wakitangaza kwamba inaokoa nguvu kwa asilimia 4, na vipimo vya maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, vilifika kwenye wastani huohuo. Haikuwa uongo. Povu jipya na bamba gumu la kaboni ndani ya soli viliubadilisha mchezo, mpaka World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, mwaka 2020 ikaweka kikomo: unene wa soli usizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na bamba liwe moja. Mwaka 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:11:53 akiwa na Adidas yenye uzito wa gramu 138, iliyouzwa dola 500. Kijana akiona hivyo moyo lazima umwende mbio, na simlaumu. Lakini wanariadha hao wana mikataba na kampuni. Huvaa cha kampuni inayowalipa, na hukivaa kwenye lami safi kwa mbio iliyopangwa miezi mingi. Raba hizo zina soli ndefu na laini, hivyo kwenye njia ya mchanga na kokoto zetu mguu hupinduka kirahisi. Tena povu lake huchoka mapema kuliko la raba ya mazoezi. Waambie wazitunze kwa siku ya mashindano.

Na waambie hili pia: Juma Ikangaa, mzaliwa wa hapa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, miaka mingi kabla bamba la kaboni halijaingia kwenye raba hizi. Napenda kila anayekimbia katika mji huu alijue jina hilo.

Turudi kwenye 150,000 zako. Raba mpya halisi ya mazoezi ya kampuni hizi huuzwa huko kwao kama dola 130 hadi 150. Ukikuta "mpya" ndani ya boksi kwa shilingi 60,000, hiyo ni feki, na sponji yake haitakusaidia kitu. Kwa bajeti yako nakushauri mtumba mzuri. Nenda Sabasaba, au Jumamosi pita mnada wa Msalato, na uende jioni ukiweza, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku na joto linavyosonga, na ndivyo unavyovimba ukiwa mbioni. Chukua soksi zako za kukimbilia.

Ukiipata unayoipenda, iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiwa imeinamia upande mmoja, mwenzako wa kwanza ameshaimaliza. Tazama ubavu wa sponji: mikunjo mingi myembamba maana yake povu limelala. Libonyeze kwa dole gumba. Likikaa gumu bila kurudi, achana nalo hata kama soli ya chini inang'aa. Soli inayong'aa ndiyo huwadanganya wengi, kwa sababu wauzaji huosha na kupaka rangi. Jaribu kuivuta soli kidogo pale mbele uone kama gundi inaachia, maana joto na miaka ya kukaa stoo huiua gundi. Namba ya toleo iliyo kwenye lebo iwe sawa kulia na kushoto. Ukishavaa, upana wa dole gumba ubaki kati ya kidole kirefu na ncha, na vidole viweze kuchezacheza. Kisigino kisinyanyuke.

Kwa njia zako za Kisasa, ningependa pia raba isiwe na kitambaa chenye matundu makubwa. Vumbi letu la kiangazi hupenya, linachanganyika na jasho, na linasugua ngozi kama msasa. Na soli iwe na mpira wa kutosha chini, si povu tupu, kwa ajili ya mbigili na miiba ya migunga.

Kwa hiyo usiniulize kampuni. Tafuta 2E, au raba yoyote yenye kichwa kipana, kisigino cha milimita 8 hadi 10 kwa kuwa ndicho pengine ulichozoea, na povu lililo hai. Ikikukaa vizuri, andika jina la raba na toleo lake nyuma ya daftari. Matoleo hubadilika, mtu anaweza kuipenda Pegasus ya Nike ya mwaka fulani akaikuta inayofuata si ileile. Raba mpya hudumu takriban kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba ihesabie pungufu ya hapo.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita anakimbia vizuri, amechaguliwa UMITASHUMTA ngazi ya wilaya. Anakimbia peku. Baba yake anataka tumnunulie raba yenye jina, namba mbili zaidi ili akue nayo. Tufanyeje?
Mama, Ikungi, Singida

JIBU: Hongera sana mama. Unaandika kutoka wilaya alikozaliwa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, aliyemshinda Mjerumani kwa kifua tu, wote wakiwa na saa 2:09:48. Mtoto wako ana mtu wa kumtazama, na si wa mbali.

Namba mbili zaidi, hapana. Mwambie baba yake hivyo kwa upole lakini usirudi nyuma. Mguu ukiogelea ndani ya kiatu, mtoto hukunja vidole ili kisimtoke, anaharibu mwendo aliopewa na Mungu, na anaweza kuanguka kwenye kona. Nusu namba inatosha. Jina la kampuni katika umri huu halina kazi, kwa sababu mguu utakua kabla raba haijachakaa. Nunua nyepesi, inayokunjika pale vidole vinapokunjika, hata kama ni ya bei ndogo.

Kiwanja kikiwa kimefagiliwa na hakina mbigili, mwache akimbie peku kama alivyozoea. Raba mpya aanze kuivaa wiki tatu kabla ya mashindano, dakika chache kila siku. Asiivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Na ukiiosha, usiianike juani. Ijaze magazeti uiweke kivulini, kwa sababu jua la Singida linaimaliza gundi.