Uliza Fundi: Mkaratusi wa babu umesimama, wangu umeliwa na mchwa

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Makambako. Mwaka 2021 nilijenga banda la ng'ombe kwa nguzo za mkaratusi. Sasa nusu yake zimekatika pale zinapoingia ardhini, na ukizivunja, ndani umejaa udongo wa mchwa. Ajabu ni kwamba zizi la marehemu babu, la mkaratusi vilevile, lina nguzo zilizosimama tangu nikiwa shule ya msingi. Nimesoma pia kwamba Australia kuna mikaratusi inayokaa ardhini zaidi ya miaka 25. Je, ni mti huohuo? Na kwa fremu za milango, nitumie mkaratusi au nijibane ninunue mninga?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa hasara. Barua kama yako napata nyingi, na inaniuma kuona mtu anachimba mashimo yaleyale mara ya pili.

Mkaratusi una aina mamia. Huko kwao Australia kuna jarrah, mti mwekundu uliokolea, ambao mita moja ya ujazo ya mbao zake kavu ina uzito wa kilo 820 hivi. Mwishoni mwa karne ya 19 ulisafirishwa mpaka London, ukakatwa vipande na kutandikwa barabarani, magari ya farasi yakapita juu yake. Kuna na grey ironbark, unaozidi kilo 1,000, kwa hiyo ukiutupa majini unazama. Hiyo ironbark ndiyo iliyo daraja la kwanza kwa viwango vya Australia, ile miaka zaidi ya 25 uliyoisoma.

Mingi tuliyoipanda sisi, Mufindi hadi Njombe, ni Eucalyptus grandis, pamoja na saligna na maidenii. Tuliipenda kwa kuwa inakua upesi na inanyooka. Grandis kwao iko daraja la tatu: kiini chake kinatarajiwa kukaa ardhini miaka 5 hadi 15. Nakuomba ulishike hilo neno kiini, kwa sababu ndilo lililotenganisha zizi la babu na banda lako.

Chukua gogo lililokatwa, ulilowanishe kichwani kwa kitambaa chenye maji, kisha ulitazame. Katikati utaona duara la rangi ya waridi au jekundu. Hicho ni kiini. Pembeni kuna ukanda mweupe. Ule weupe hauna kinga hata kidogo. Hata kwenye ironbark, ukiuacha ardhini bila dawa unaweza kuisha kabla ya miaka 5. Mti mchanga ni mweupe sehemu kubwa, na hata kiini chake bado ni hafifu. Sidhani kama babu alikuwa na ironbark. Wazee walikata miti iliyokomaa, wakauchonga weupe wote kwa shoka, wakachimbia kiini kitupu. Wewe, bila shaka, uliuziwa miti michanga ya mviringo isiyotiwa dawa. Mchwa aliukuta mlango wazi.

Safari hii nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, kwenye mtungi wa shinikizo, zile zinazobaki na rangi ya kijani. Kwenye dawa mambo yanageuka: ule weupe unainywa vizuri, kiini kinaikataa. Kwa hiyo nguzo nzuri ya dawa ni ya mviringo, yenye ukanda wa kijani mnene na usiokatika pande zote. Itazame kichwani kabla hujalipa. Kijani kikiwa chembamba kama ganda la yai, iache. Ikipasuka kidogo tu, mchwa anapita kwenye ufa hadi ndani. Nguzo iliyotiwa dawa ikiwa mbichi nayo iache, maana maji yamejaa mahali ambapo dawa ilipaswa kukaa. Usiichonge pembe nne, na usikate upande wa chini ili ilingane na shimo. Ikizidi urefu, kata juu, upake dawa pale ulipokata, na uezeke pafunikwe.

Kuhusu fremu: mninga ukiumudu, nunua, kwa sababu hauchezi. Lakini mkaratusi uliokomaa nao unafaa, na juu ya ardhi, mbali na unyevu, unaishi muda mrefu zaidi kuliko ukichimbiwa. Taabu yake iko kwenye kupasua. Mti huu unakua ukiwa umejivuta ndani kwa ndani. Ukiuangusha tu, vichwa vya gogo vinaanza kupasuka, wakati mwingine unasikia mlio. Msumeno ukiingia, ubao unajikunja na kuukaba. Fundi mzuri anageuza gogo, anapunguza pande zote kwa zamu, na ile sehemu ya katikati kabisa anaitupa, kwa kuwa inavunjika ovyo. Kisha mbao zipangwe kivulini, vijiti katikati, vichwa vipakwe rangi na juu pawekwe mawe. Kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, kina upepo mkavu. Ukizianika juani zitajaa nyufa. Usikubali fremu iliyopasuliwa wiki iliyopita. Na mwambie fundi atoboe kwanza ndipo apige msumari, tena msumari uliopakwa zinki, la sivyo utaona michirizi myeusi ukutani mvua za kwanza.

SWALI: Fundi, vipande vya nguzo za dawa vilivyobaki ujenzini, naweza kupikia? Niko Tukuyu, kuni zimekuwa ghali.

JIBU: Hapana, mama, tafadhali. Dawa nyingi ya nguzo hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Ukichoma inatoka na moshi, na inayobaki inakaa kwenye majivu, kwa hiyo majivu hayo yasiende shambani wala kusugulia sufuria. Vipande virefu vitumie kwenye uzio. Unga wa msumeno ukusanye wote; usiutandike kwenye banda la kuku, na watoto wasiuchezee.