Ba Zheng San kwa maumivu ya mkojo: ulizia kwanza ni mutong ipi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama unga wa Kichina uitwao Ba Zheng San, ambao mkeo ameletewa na rafiki yake kutoka Guangzhou, unaweza kumwondolea maumivu ya mkojo. Niliwahi kupewa dawa hiyo nilipokuwa nasoma Nanjing, huko China, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia.

Dawa hii imo katika kitabu cha dawa cha serikali ya China ya enzi ya Song, yapata miaka 900 iliyopita. Inakusudiwa kutibu maradhi ambayo Wachina huyaita lin, yaani mkojo unaotoka kwa matone, unaochoma na wenye rangi iliyokolea, ambao kwa maelezo yao husababishwa na joto na unyevu vilivyotuama kwenye kibofu. Ndani yake mna mbegu za cheqianzi, jiwe laini la huashi, mimea ya qumai na bianxu, tunda la zhizi, urukususu, mmea uitwao mutong, pamoja na mzizi wa dahuang, ambao huendesha tumbo. Hilo la tumbo sikuambiwa mapema, na siku ya pili sikuweza kuhudhuria darasa.

Daktari alinitazama ulimi, akanishika mapigo ya mkono, kisha akanituma maabara nikapime mkojo, nao ukakutwa na bakteria. Nilipewa antibayotiki pamoja na mitishamba ya kuchemsha, ambayo mbegu na lile jiwe lililosagwa vilifungwa katika kifuko cha kitambaa ili visichafue sufuria. Ilikuwa chungu kupita shubiri. Baada ya siku chache nilipona, lakini kwa kuwa nilitumia dawa zote mbili kwa pamoja, nitakuwa mwongo nikikuambia kwamba ni mitishamba iliyoniponya.

Kinachonitia hofu ni mutong. Jina hilo moja limebebeshwa mimea tofauti, na kwa miaka mingi maduka ya China yaliuza guan mutong, mmea wa jamii ya Aristolochia wenye asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa kimakosa na mmea mwingine wa jamii hiyohiyo. China iliiondoa guan mutong katika orodha ya dawa zake mwaka 2003, na daktari wangu aliandika waziwazi chuan mutong, ambayo ni mmea mwingine kabisa.

Mkeo apimwe mkojo kwanza. Kwetu maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa kisonono, na mkojo wenye damu unaweza kuwa kichocho, hasa kwa mtu aliyekulia kando ya ziwa. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, si kwa unga huu. Akiwa na homa na maumivu ya kiunoni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda maambukizi yameshafika kwenye figo. Kama ana mimba, asiuguse kabisa.

Halafu mwombe huyo rafiki awatumie picha ya karatasi ya viungo. Mkiona herufi 关木通, yaani guan mutong, au mkikuta hakuna karatasi yoyote, utupeni.