Mchicha kunyauka mchana juu ya paa la zege, Dar es Salaam

Mkuu, umesema unamwagilia kila asubuhi lakini ikifika saa nane mchicha umelala, na ndoo ni nyeusi, zimekaa moja kwa moja kwenye zege. Shida si maji, ni joto la mizizi. Saa hiyo chomeka kidole pembeni mwa ndoo: ukikuta udongo una moto, kuongeza maji hakusaidii, mizizi iliyoungua hainywi.

Paka ndoo chokaa nyeupe, ziinue kwa matofali ili hewa ipite chini, kisha funga neti ya kivuli ya asilimia 50 (inayozuia nusu ya mwanga) upande wa jua la mchana. Juu ya udongo tandaza majani makavu sentimita 5. Maji mwagilia alfajiri na jioni, mpaka yachuruzike matunduni. Kama ni ya kisima cha chumvi utaona ukoko mweupe wa chumvi juu ya udongo. Ndoo iachwe wazi mvua ikinyesha, chumvi isuuzike.

Udongo mtupu hugandamana. Changanya ndoo moja ya udongo, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya vumbi la makumbi ya nazi lililolowekwa na kusuuzwa, maana nalo lina chumvi.

Lile wazo lako la kumwaga udongo paa zima badala ya kutumia ndoo, acha kwanza. Sentimita 10 zikilowa ni kama kilo 150 hadi 180 kwa mita ya mraba. Muulize mhandisi. Kwa sasa panga ndoo sehemu za paa ambazo chini yake kuna kuta na nguzo, si katikati.

Bamia na kunde zitastahimili. Saladi utajisumbua bure.